Utandawazi hautandi wenyewe: namna ya kuusoma ubepari wa dunia katika sosholojia

Kozi ya utandawazi na ubepari wa dunia ina jambo lake la pekee: karibu kila mwanafunzi huingia akiamini nusu yake ameshaijua. Neno utandawazi amekua nalo. Anajua habari za intaneti, za makampuni makubwa, za nguo zinazoshonwa bara moja na kuvaliwa bara jingine. Kisha inafika wiki ya tatu au ya nne, na usomaji unaanza kugongana. Mwandishi mmoja anasema utandawazi ulianza baada ya Vita Baridi, mwingine anasema mwaka 1945, wa tatu anarudi karne ya 16, wa nne karne ya 13. Mmoja anadai serikali zimeishiwa nguvu mbele ya soko. Mwenzake anaonyesha kwamba soko hilo limejengwa na serikali hizo hizo, sheria baada ya sheria. Mwanafunzi aliyechoka huishia kuandika insha ya faida na hasara za utandawazi, akitumaini kwamba ukweli utakuwa umekaa mahali fulani katikati. Nimesoma insha nyingi za namna hiyo, na siku zote huniuma kuzipa alama ndogo, maana jitihada iliyomo inaonekana. Zimeharibiwa na swali lililoziongoza.

Nadhani tatizo linaanza kwenye maneno yenyewe. Utandawazi limeundwa kwa kutanda na wazi. Sasa jiulize ni vitu gani hutanda. Wingu hutanda, ukungu hutanda, giza hutanda. Hakuna mtu anayelitandaza wingu. Linakuja tu, na sisi tulio chini tunatafuta mwavuli. Ni neno zuri, lakini limemficha mtendaji. Chukua upande wa pili neno ubepari. Linatokana na bepari, neno lililoingia katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara. Hapa mtu yupo, tena yuko mbele mno: ukisikia ubepari unamwona mtu mmoja mwenye tamaa, ambaye laiti angekuwa na roho nzuri mambo yangekuwa mengine. Neno la kwanza halina mtu hata mmoja, na la pili lina mtu mmoja tu. Kitu kinachofundishwa katika kozi hii kiko kati ya hayo mawili, nacho ni mahusiano: mpangilio wa watu wengi, taasisi na kanuni, ambao humfanya hata mtu mwema atende kwa namna fulani.

Karl Marx na Friedrich Engels waliliona hilo mapema. Mwaka 1848, kabla hata ya simu ya waya kuvuka Atlantiki, waliandika kwamba haja ya kupanua soko huwakimbiza mabepari dunia nzima, na kwamba viwanda vilikwisha kuanza kutumia malighafi za mbali na kuuza bidhaa zake kila pembe. Kinachowakimbiza ni ushindani. Mwenye kiwanda asiyepunguza gharama huondolewa sokoni na mwenzake anayepunguza, awe mchoyo au mkarimu. Faida isiporudishwa katika mashine mpya, soko jipya au nguvukazi ya bei nafuu zaidi, mtaji unasinyaa. Huko ndiko kulimbikiza mtaji, na ndiyo injini tunayoichunguza. Ziada ni ile tofauti kati ya thamani anayoizalisha mfanyakazi na ujira anaolipwa. Ukishayashika haya mawili, swali la kozi hujipanga lenyewe: watu wa dunia hii wameunganishwa kwa masharti gani, masharti hayo yameandikwa na nani, na ziada inaishia mikononi mwa nani?

Nchi au mfumo?

Hili ndilo fundo gumu kuliko yote, na ndilo linalostahili muda.

Mwaka 1960 mwanauchumi wa Marekani Walt Rostow alichapisha nadharia iliyosema kwamba kila jamii hupitia hatua tano, kuanzia jamii ya jadi hadi jamii ya matumizi makubwa, na katikati kuna hatua ya kupaa, kama ndege. Kitabu chake kilijitambulisha waziwazi kuwa ilani isiyo ya kikomunisti. Katika picha hiyo kila nchi ni ndege iliyo kwenye njia yake ya kurukia. Nchi maskini imechelewa tu. Ikiondoa mizigo ya mila na kuongeza uwekezaji, itapaa. Usiicheke nadharia hii. Ndiyo ambayo wengi wetu tunaibeba vichwani bila kujua, kila tunapozitaja nchi zinazoendelea kana kwamba zote ziko kwenye barabara moja, zingine mbele, zingine nyuma.

Pingamizi la kwanza zito lilitoka Amerika ya Kusini. Raúl Prebisch, Mwajentina aliyefanya kazi katika tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Amerika ya Kusini, alionyesha mwaka 1949 kwamba bei za malighafi zilikuwa na mwelekeo wa kushuka zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Mwanauchumi Hans Singer alifikia hitimisho kama hilo wakati ule ule. Maana yake ni kwamba muuza malighafi anaweza kuongeza mavuno kila mwaka na bado mashine ile ile ikazidi kumshinda bei. Mwanauchumi Andre Gunder Frank akaenda mbali zaidi mwaka 1966: kutoendelea kwa nchi hizo, alisema, si hali ya asili iliyobaki kutoka zamani, kumezalishwa na historia ile ile iliyozalisha maendeleo ya wengine. Mwaka 1972 Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliijenga hoja hiyo kwa historia ya Afrika nzima, tangu biashara ya watumwa hadi ukoloni. Samir Amin, mwanauchumi wa Misri aliyefanya kazi miaka mingi Dakar, akaupima ulimbikizaji wa mtaji kwa kipimo cha dunia.

Immanuel Wallerstein, aliyeanza kama mtafiti wa siasa za Afrika, alitoa juzuu yake ya kwanza kuhusu mfumo-dunia mwaka 1974 akiwa na pendekezo moja kubwa: tuache kuichunguza nchi kana kwamba ni jamii iliyojitosheleza. Kitu cha kuchunguza ni mfumo mzima.

Mfano wake bora, kwa maoni yangu, ni nafaka. Katika karne ya 16 nafaka nyingi iliyoliwa Amsterdam ilitoka Poland. Ilishuka na mto Vistula hadi Gdańsk, ikapakiwa melini. Waliolima nafaka hiyo walikuwa wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, wakilazimishwa kufanya kazi siku kadhaa za wiki bila ujira. Ukiitazama Poland peke yake, utasema ni ukabaila uliochelewa kufa. Lakini tazama mwelekeo: minyororo ya wakulima wale ilizidi kukazwa kadiri biashara ya nafaka ilivyokua. Wakati ule ule, ng'ambo ya bahari, madini ya fedha yalikuwa yakichimbwa Potosí, katika Bolivia ya leo, mlima ambao madini yake yaligunduliwa mwaka 1545, na wenyeji wa milima ya Andes walipelekwa huko kwa zamu za lazima. Na Uholanzi na Uingereza, kazi ya ujira ilikuwa ikienea. Ni aina mbalimbali za kazi, kutoka ya lazima hadi ya ujira, lakini mgawanyo wa kazi ni mmoja. Kazi ya lazima ya Poland na Potosí haikuwa mabaki ya ulimwengu wa kale. Ilizaliwa pamoja na soko jipya, kwa ajili ya soko hilo.

Kutoka hapo ndipo yanakuja maneno kitovu, pembezoni na nusu-pembezoni, ambayo wanafunzi huyakariri haraka kupita kiasi. Kitovu ni mahali ambapo shughuli zenye faida kubwa, zinazolindwa na ukiritimba wa teknolojia, mtaji au dola yenye nguvu, zimejikusanya. Pembezoni ni mahali penye shughuli ambazo washindani ni wengi na faida ni nyembamba. Nusu-pembezoni ina zote mbili, na ndiyo inayoonyesha kwamba nafasi hubadilika. Usiyachukulie maneno haya kama rangi za ramani. Nguo ilikuwa bidhaa ya kitovu karne ya 19. Leo ushonaji wake umesukumwa pembezoni, huku usanifu na jina la kibiashara vikibaki kitovuni.

Wallerstein ana wakosoaji wake, na kozi nzuri haiwafichi. Mwanahistoria Robert Brenner alimshambulia mwaka 1977 akisema kwamba biashara peke yake haizai ubepari; biashara ya mbali ilikuwapo maelfu ya miaka. Kilichokuwa kipya, kwa Brenner, ni mahusiano ya kitabaka mashambani Uingereza, ambapo mpangaji wa ardhi na kibarua wote walilazimika kulitegemea soko ili waishi. Mwanasosholojia Janet Abu-Lughod naye, mwaka 1989, alionyesha kwamba kati ya takriban mwaka 1250 na 1350 kulikuwa na mtandao mkubwa wa biashara kutoka Ulaya hadi China, wenye Bahari ya Hindi katikati yake, na Ulaya ilikuwa mgeni tu pembeni ya mtandao huo.

Sasa unaweza kuona kwa nini tarehe zinagongana. Anayehesabu mitandao ya biashara huanza karne ya 13. Anayehesabu mgawanyo mmoja wa kazi huanza karne ya 16. Anayehesabu mahusiano ya kitabaka huenda mashambani Uingereza. Anayehesabu taasisi za kimataifa huanzia 1944 au 1945, na anayehesabu uhuru wa mtaji kuvuka mipaka huanzia miaka ya 1970. Ukijua kila mmoja anahesabu nini, ugomvi wa tarehe hupungua sana.

Mlango ulifunguliwa kwa saini

Julai 1944, wajumbe wa nchi 44 walikutana Bretton Woods, Marekani, wakaanzisha Shirika la Fedha la Kimataifa na taasisi ambayo leo tunaiita Benki ya Dunia. Katika mpango ule sarafu nyingine zilifungwa kwenye dola ya Marekani, na dola ikafungwa kwenye dhahabu kwa bei ya dola 35 kwa aunsi. Jambo ambalo wanafunzi hulisahau ni kwamba mpango huo uliziruhusu serikali kuudhibiti mtaji unaoingia na kutoka. Biashara ilitakiwa ifunguke taratibu, mtaji ukiwa na hatamu.

Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Richard Nixon alikata uhusiano wa dola na dhahabu. Kufikia 1973 sarafu kubwa zilikuwa zikielea, yaani thamani yake ilipangwa na soko. Mwaka ule ule bei ya mafuta ilianza kupanda hadi takriban mara nne, na mapato ya wauza mafuta yakarundikana katika benki za kimataifa, ambazo zikatafuta wa kumkopesha. Zikazikopesha serikali za Amerika ya Kusini na Afrika, mara nyingi kwa riba isiyofungwa, inayopanda na kushuka na soko. Mwaka 1979 Paul Volcker, akiwa mkuu wa benki kuu ya Marekani, alianza kukaza fedha ili kuua mfumuko wa bei, na riba zikapaa. Agosti 1982 Mexico ilitangaza kwamba haiwezi kulipa. Nyingine nyingi zikafuata.

Mikopo ya kuokoa nchi hizo ilikuja na masharti: punguza matumizi ya serikali, shusha thamani ya sarafu, binafsisha mashirika ya umma, fungua soko. Mlango ambao serikali nyingi zilikuwa zimeuegemea kwa mgongo tangu uhuru ulifunguliwa kwa saini, katika vyumba vya mikutano, na watu tunaoweza kuwataja vyeo vyao. Ndiyo maana nalisisitiza somo hili kila muhula. Mtu anayesema utandawazi ulikuja na teknolojia amesema nusu. Kontena lilishafanya safari yake ya kwanza mashuhuri Aprili 1956, pale meli ya Ideal X ilipobeba makontena 58 kutoka Newark hadi Houston, na lilipunguza mno gharama za kupakia na kupakua. Lakini kontena halijui kuandika mkataba wa mkopo.

Shati moja

Nadharia hushikika vizuri zaidi ukiifuata bidhaa moja, na nguo ndiyo darasa bora. Mwaka 1974 nchi tajiri zilianzisha mkataba wa kuwekea mgawo, yaani kikomo cha kiasi, nguo zilizoagizwa kutoka nchi zilizokuwa zikiendelea kiviwanda, ili kulinda viwanda vyao. Korea Kusini ilibanwa. Bangladesh, iliyokuwa karibu haiuzi nguo nje, ilikuwa na nafasi. Mwaka 1979 kampuni ya Desh ya Bangladesh ilishirikiana na Daewoo ya Korea Kusini na kupeleka wafanyakazi wapatao 130 kujifunza kazi huko. Wengi wao baadaye walianzisha au kuingia viwanda vingine. Ushonaji haukuhamia Bangladesh kwa sababu ya ujira mdogo pekee, maana ujira mdogo ulikuwapo mahali pengi. Ulihamia kwa njia ya mgawo wa biashara, mkataba wa ujuzi na sera za serikali.

Mwanasosholojia Gary Gereffi aliitofautisha milolongo ya bidhaa, yaani hatua zote kutoka malighafi hadi dukani, kwa kuuliza nani anaiendesha. Ya magari huendeshwa na mtengenezaji. Ya nguo huendeshwa na mnunuzi: kampuni yenye jina na maduka, ambayo huenda haimiliki hata cherehani moja, ndiyo inayopanga bei, muda na kiasi. Mwenye kiwanda anashindana na maelfu wenzake kuupata mkataba huo. Gharama ya pamba hawezi kuishusha, ya umeme hawezi, bei ya mnunuzi hawezi kuipandisha. Kinachobaki ni ujira, saa za kazi, na usalama wa jengo.

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, lenye ghorofa nane, lilianguka Savar karibu na Dhaka. Watu 1,134 walikufa na zaidi ya 2,500 walijeruhiwa, wengi wao wanawake washonaji. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia. Benki na maduka ya ghorofa za chini vilifungwa. Washonaji waliamriwa kurudi kazini. Sijawahi kulifundisha tukio hili bila darasa kunyamaza, na sitaki lisinyamaze, lakini baada ya kimya hicho lazima tuulize tena: kwa nini benki iliweza kufunga na kiwanda hakikuweza? Adhabu ya kuchelewesha shehena ilikuwa sehemu ya jibu. Ushindani wa wenye viwanda ulikuwa sehemu nyingine. Nguvu ndogo ya vyama vya wafanyakazi ilikuwa ya tatu.

Mwezi uliofuata, vyama vya kimataifa vya wafanyakazi na makampuni ya nguo walitia saini makubaliano ya usalama wa majengo na moto yenye nguvu ya kisheria, na idadi ya makampuni ikazidi 200. Mwanazuoni wa historia ya uchumi Karl Polanyi angelielewa hilo. Mwaka 1944 aliandika kwamba ardhi, kazi na fedha hazikuumbwa ziwe bidhaa, na kwamba kila soko linapojaribu kuzigeuza bidhaa tupu, jamii hujitetea. Vuta nikuvute hiyo aliiita mwendo wa pande mbili. Onyo lake ni kwamba utetezi huo hauna rangi moja. Unaweza kuja kama chama cha wafanyakazi, na unaweza kuja kama ufashisti, alioushuhudia mwenyewe ukiinuka Ulaya.

Kuhusu utamaduni nitasema kwa kifupi, kwa kuwa wanafunzi hulipenda eneo hili kuliko linavyowasaidia. Mwanaanthropolojia Arjun Appadurai na mwanasosholojia Roland Robertson wameonyesha vya kutosha kwamba watu hawamezi tu picha na bidhaa za nje, wanazigeuza. Ni kweli, ila usiitumie hoja hiyo kukwepa swali la nani anayemiliki njia zinazopitisha picha hizo.

Pengo la kipato linahitaji uangalifu zaidi. Ukisema utandawazi umeongeza pengo la kipato, mkosoaji atakuuliza: pengo kati ya nani na nani? Tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20, kupanda kwa China kumepunguza pengo kati ya nchi, wakati pengo ndani ya nchi nyingi, China na Marekani zikiwemo, limepanuka. Mwanauchumi Branko Milanovic ameeleza hili kwa takwimu bora kuliko wengi. China yenyewe ni mtihani kwa kila nadharia tuliyoitaja. Ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, lakini haikufungua milango yote. Iliendelea kuudhibiti mtaji, kumiliki benki kubwa na kudai ujuzi kutoka kwa wawekezaji. Rostow hakuitabiri njia hiyo, na nadharia ya utegemezi, ile ya akina Frank, katika umbo lake kali haikuiona kuwa inawezekana. Mtu wa mfumo-dunia atasema nafasi zimebadilika lakini ngazi imebaki. Sina hakika jibu hilo linatosha, na ningefurahi kusoma insha inayolipinga kwa ushahidi.

Na tukirudi kwenye insha, kuna zoezi moja ninalompa kila mwanafunzi kabla hajakabidhi. Tafuta kila sentensi ambayo utandawazi ndiyo mtendaji wake, kisha iandike upya bila neno hilo. Mmoja alikuwa ameandika: “Utandawazi umesababisha maafa viwandani katika nchi maskini.” Baada ya wiki mbili alirudi na hii: “Makampuni yaliyoagiza nguo kwa bei na muda usioacha nafasi, wenye viwanda waliowarudisha washonaji ndani ya jengo lenye nyufa, na maofisa walioacha ghorofa ziongezwe bila kibali halali, kila mmoja alikuwa na sehemu yake katika vifo vya Rana Plaza.” Nilimwambia apigie mstari kila kundi alilolitaja na aandike chini yake ushahidi alio nao. Maelezo hayo yalipojaza ukurasa, alikuwa tayari ameupata muundo wa insha yake.